Chaja Isiyochomoka Ukutani

Wadogo zangu, wiki hii barua ni ya mwenzenu wa Tanga anayemalizia nyumba. Anasema fundi amemshauri kila chumba kiwe na soketi zenye matundu ya USB. Mume wake naye amepita Kariakoo akazikuta za bei chee, zile zinazopokea plagi ya aina yoyote. Anauliza: “Dada, ni salama, au ni urembo tu wa ukutani?”

Mdogo wangu, wazo la fundi si baya, na mimi naliunga mkono kwa kiasi. Ingia nyumba nyingi za kwetu utakuta chaja ya pini mbili imelazimishwa kwenye soketi ya matundu matatu, na aliyeichomeka ametanguliza kalamu au kijiti kwenye tundu la juu. Tundu lile ni la erthi. Kwenye plagi pini ya erthi ni ndefu kuliko zile mbili, na si kwa bahati mbaya: inatangulia kuingia ili ifungue vifuniko vidogo vinavyoziba matundu yenye umeme. Vifuniko hivyo vipo kwa ajili ya vidole vya watoto. Mtoto akishamwona baba anafungua kwa kalamu, kesho naye atajaribu na msumari. Soketi yenye USB inaondoa sababu ya mchezo huo, kwa kuwa waya wa simu unaingia moja kwa moja.

Ila jua unachonunua. Ndani ya soketi hiyo mna chaja nzima, inayopokea umeme wa volti 230 na kuushusha hadi volti 5. Chaja ya kawaida ikianza kunuka, unaichomoa. Hii huichomoi. Imefungwa kwa skrubu ndani ya boksi lisilopitisha hewa, na kwenye soketi nyingi swichi inazima matundu ya plagi tu. Upande wa USB unabaki na umeme usiku na mchana, uwe nyumbani au umesafiri. Umeme ukikatika halafu ukarudi kwa kishindo, nayo inakipokea. Kuna pia transfoma ndogo ndani, ndiyo inayotenganisha upande wa volti 230 na upande wa simu yako. Kwenye bidhaa za ovyo utengano huo hubanwa ili kuokoa senti, na unyevunyevu wetu wa pwani hausaidii. Ukivunjika, umeme wa ukutani unafuata waya hadi kwenye simu uliyoishika sikioni. Kwa hiyo hii si chaja ya kununua dirishani ukiwa kwenye foleni ya magari.

Haya, tuingie dukani. Mwambie muuzaji akutolee moja, uigeuze. Nyuma uone sehemu tatu za kufungia waya, zenye herufi L, N na E, na skrubu zinazokaza kweli. Mbele chungulia matundu: ukiona chuma kinang'aa ndani bila kifuniko, rudisha. Hapo ndipo zile za shemeji zinapoanza kukwama. Soketi ya kupokea kila plagi imetobolewa matundu mapana ili isimkatae mtu, na plagi ikiwa haikushikwa vizuri inacheza, inatoa cheche, inazalisha joto. Plagi ya duara ya Ulaya, ile yenye erthi ubavuni, itaingia vizuri tu, lakini erthi yake haitagusa chochote. Tanzania, Kenya na Uganda tunatumia mfumo wa Uingereza wa pini tatu bapa, ampea 13, ambao kiwango chake ni BS 1363. Soketi ya kila plagi haimo katika kiwango hicho, hata kama muuzaji ataapa.

Soma na namba zake. “5V 2.1A” kwenye soketi yenye matundu mawili ya USB mara nyingi ni jumla: ukichomeka simu mbili zinagawana, na zote zitachelewa kujaa. Ukitaka kuchajia kompyuta ya mkononi, tafuta yenye USB-C iliyoandikwa wati zake. Isiyoandikwa namba yoyote, iache hapo hapo kaunta.

Kwenye nembo ndipo wengi tunapopigwa. Herufi CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwa soko la Ulaya. Si muhuri wa mkaguzi aliyeipima, na kuichapa kunahitaji wino tu. Kwetu ulizia nembo ya ubora ya TBS. Ndugu zangu wa Kenya, nembo ya KEBS ina namba ya kibali chini yake, na unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Bidhaa za nje zina utaratibu wa kukaguliwa huko huko zinakotoka na kupewa cheti cha ulinganifu, kwa hiyo muulize muuzaji mzigo wake umeingiaje. Kisha dai risiti yenye jina la bidhaa na namba ya toleo. Akianza kukwepa kuiandika, amekujibu.

Sasa fundi. Awe na leseni ya EWURA, na Kenya ya EPRA. Mkumbushe kabla ya plasta kwamba soketi hizi ni nene: boksi la kina cha milimita 25 linaweza kubana waya, la milimita 35 lina nafasi. Na akija kupima nyumba kwa mega ya volti 500, ile ya kukagua kama waya zinavujisha umeme, azitenganishe soketi hizi kwanza, maana kipimo hicho kinaweza kuua chaja ya ndani siku ile ile.

Ukishahamia, uwe unaigusa mara moja moja simu ikiwa inachaji. Vuguvugu si tatizo. Ikikufanya uondoe mkono, plastiki ikigeuka rangi, au ukisikia harufu ya kuungua, zima kwenye sakiti breka, usitegemee swichi ya soketi, kisha umwite fundi. Kama simu inakurusha ukiishika, chomoa waya na usiutumie tena upande huo wa USB.

Ushauri wangu basi: usiweke kila chumba. Weka moja chumbani kwenu na moja sebuleni, mahali panapoonekana, si nyuma ya godoro wala karibu na sinki. Fedha inayobaki ielekeze kwenye erthi iliyochimbiwa sawasawa na kifaa cha RCD cha miliampea 30 kwenye bodi ya umeme, kile kinachokata umeme ukianza kuvuja. Hivyo viwili vinalinda nyumba nzima, pasi na friji vikiwemo, na hakuna soketi ya bei yoyote inayoweza kuziba nafasi yake.

Na kama shemeji ameshazinunua, azirudishe leo, kabla fundi hajazigusa. Ikishaonekana alama ya bisibisi kwenye skrubu, hakuna muuzaji atakayeipokea.