Mlango Umefungwa kwa Upande Gani? Tuwasome Salme na Teresa

Tunaposoma vitabu vya wanawake walioishi ndani ya kuta, mara nyingi tunakimbilia ukurasa wa kutoroka, kisha tunafunga kitabu kana kwamba habari imekwisha. Katika somo hili tumsome Salme binti Said wa Unguja kwa utulivu zaidi.

Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Mabinti wa ukoo wake walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakuruhusiwa. Yeye akajifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, waasi walihitaji mwandishi, na barua zao ziliandikwa na Salme, msichana wa miaka 15. Maandishi yake yalivuka ukuta kabla yake.

Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Alikuwa mja mzito, na baba wa mtoto alikuwa mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Jambo hilo lingeweza kumgharimu uhai. Mwaka uliofuata, siku moja na ileile, alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa na Ruete. Kumbukumbu zake, zilizotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinapita upesi juu ya safari hiyo, na ujauzito hazitaji. Kurasa nyingi ni za Mtoni: mabafu, sikukuu, mama yake, ndugu wengi. Nyumba aliyoikimbia ndiyo anayoililia. Tena anawakosoa Wazungu waliodhani kwamba mwanamke wa Kiarabu ni mfungwa tu.

Huko Hamburg mume wake alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870. Salme akabaki mjane mwenye watoto watatu wadogo, ugenini, kwenye baridi. Katika kitabu anajihesabu kuwa Mkristo mbaya, na sisi tulio katika malezi ya upadre tusiliruke neno hilo. Maji ya ubatizo alipata. Je, nani alimlea baada ya hapo?

Wala tusimpambe. Utajiri wa ukoo wake ulitegemea jasho la watumwa katika mashamba ya karafuu, naye kitabuni anautetea utumwa. Kuta zake mwenyewe alizijua vizuri, za mtumishi wake hakuziona.

Mtakatifu Teresa wa Avila, wa Hispania, alitoroka kuelekea ndani. Mwaka 1535 aliondoka nyumbani alfajiri bila ridhaa ya baba yake, akaingia monasteri ya Wakarmeli. (Si wenzake wote wa enzi hizo waliochagua, wengine walipelekwa na wazazi.) Mwaka 1577, kwa agizo la wakubwa wake, aliandika kitabu kinachofananisha roho na kasri lenye makao saba, ambalo mlango wake ni sala. Kukifunga anawaambia masista wake, walioishi katika ugo mkali na vyumba vyembamba, kwamba ndani ya kasri hilo wanaweza kuingia na kutembea saa yoyote, bila kumwomba ruhusa mama mkuu.