Chumvi ya Firauni: Nilichojifunza Mwaka Mmoja Nikisoma Historia ya Kale Misri



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Sahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, nilipopata nafasi ya kwenda Cairo kusoma mwaka wangu wa tatu, wengi wenu mlinipongeza. Lakini mliposikia kwamba pamoja na lugha na tafsiri nimechagua somo la historia ya kale ya Misri, baadhi yenu mliniuliza: “Dada, wewe unasoma Masomo ya Kiislamu. Mafirauni na masanamu yao ya nini?” Makala hii ni jibu langu. Ila siwezi kujibu bila kwanza kukiri kosa langu.

Kosa lenyewe

Katika mwaka wa pili mwenzangu wa chumbani alikuwa Mkristo, mtu mpole na mwenye kupenda kuuliza. Usiku, baada ya kuzima taa, alikuwa akiniuliza kuhusu Uislamu, nami nikimjibu kadiri ya uwezo wangu. Usiku mmoja nikamsimulia kile kisa ambacho sote tumekisikia kwenye mihadhara na kwenye ujumbe wa simu: daktari wa Kifaransa aliupima mwili wa Firauni, akakuta chumvi, akajua kwamba mtu huyu alikufa maji baharini, kisha akaonyeshwa aya ya 92 ya Surat Yunus akasilimu papo hapo.

Akaniuliza, “Umeitoa wapi?” Nikamjibu, “Inajulikana.”

Baada ya siku chache akarudi. Alikuwa amekwenda maktaba, akasoma kwamba maiti zote za wafalme wa Misri zilikaushwa kwa chumvi. Hakunicheka. Aliniuliza tu: “Na yale mengine uliyoniambia kuhusu Mtume wenu, nayo yanajulikana namna hiyo hiyo?”

Sikuwa na jibu. Tangu usiku ule hakuuliza tena. Niliondoka kwenda Misri nikiwa na swali lake moyoni.

Ndani ya jumba la makumbusho

Mwezi Aprili 2021 serikali ya Misri ilihamisha maiti 22 za kifalme, wafalme 18 na malkia 4, kutoka jumba la makumbusho la Tahrir na kuzipeleka katika Jumba la Kitaifa la Ustaarabu wa Misri. Jumba hili lipo Fustat, mji ulioasisiwa na Sahaba ‘Amr ibn al-‘Aas (r.a.) karibu mwaka 641. Msikiti wake uko sehemu hiyo hiyo ya mji. Nilikwenda huko na wenzangu wa darasa.

Unashuka chini, kwenye vyumba vyenye mwanga hafifu kama kaburi. Kupiga picha hairuhusiwi. Nikasimama mbele ya Ramses wa Pili, aliyetawala zaidi ya miaka 60, kisha mbele ya mwanawe Merneptah. Nilitegemea kulia. Badala yake nilikumbuka somo la wiki iliyopita kuhusu magadi.

Naam, magadi. Haya tunayotia kwenye maharage yaive haraka. Wamisri wa kale waliyachota Wadi Natrun, kaskazini-magharibi ya Cairo, yakiwa yamechanganyika na chumvi. Mfalme akifa walitoa matumbo yake, wakaufukia mwili katika magadi kwa siku 40 hivi mpaka ukauke, ndipo wakaufunga vitambaa. Kazi nzima ilichukua siku 70. Kwa hiyo kukuta chumvi kwenye mwili wa Firauni ni kama kukuta chumvi kwenye samaki wa chumvi sokoni. Haikuambii alikufa vipi.

Nilichunguza na sehemu nyingine za kisa. Daktari Maurice Bucaille ni mtu wa kweli. Mwaka 1976 alichapa kitabu juu ya Biblia, Qur’ani na sayansi, na kwa maoni yake Firauni aliyezama ni Merneptah. Lakini mwili uliopelekwa Paris mwaka huo ulikuwa wa Ramses wa Pili, na ulipelekwa kutibiwa kuvu iliyokuwa ikiuharibu. Wasimuliaji wamechanganya wafalme wawili wakawafanya mmoja.

Kisha lipo jiwe la Merneptah lililogunduliwa na Flinders Petrie mwaka 1896. Ndani yake mfalme huyu anajisifu kwa ushindi wake, na miongoni mwa anaodai kuwaangamiza katika nchi ya Kanaani ametajwa Israili. Jiwe ni la mwaka wa 5 wa utawala wake, naye alitawala kama miaka 10. Sasa piga hesabu. Ikiwa alizama siku Bani Israili walipotoka Misri, vipi walikuwa wameshafika Kanaani miaka mitano kabla, na hali Qur’ani yenyewe (5:26) inataja miaka 40 ya kutangatanga? Hesabu haikubali kirahisi.

Je, imani yangu ilitikisika?

Hapana, na hapa ndipo penye somo. Nilirudi kwenye aya. Qur’ani haikumtaja Firauni huyu kwa jina, wala haikusema mwili wake utawekwa ndani ya kioo. Nilifungua Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373. Anataja riwaya kwamba baadhi ya Bani Israili walitilia shaka kifo cha Firauni, basi Allah akaiamuru bahari iutupe mwili wake mahali pa juu ili wauone na wayakinishe. Hiyo ndiyo ishara kama walivyoielewa wanazuoni hao. Maiti za kifalme zilianza kupatikana mwaka 1881 huko Deir el-Bahari, na ya Merneptah mwaka 1898. Umma uliisoma aya hii na kuiamini zaidi ya karne kumi na mbili bila ya mumia hata mmoja. Mimi ndiye niliyeifunga aya kwenye kamba mbovu, na kamba ilipokatika mwenzangu akadhani aya ndiyo iliyoanguka.

Mwalimu wetu wa historia alitufundisha kukiuliza kila chanzo maswali matatu: nani amesema, aliyajuaje, na alikuwa na haja gani ya kusema? Nilitabasamu. Sisi wanafunzi wa hadithi tunayajua maswali hayo kabla hatujamaliza mwaka wa kwanza: sanadi iko wapi, mpokezi alikutana na nani, je, ana kasoro?

Wala si jambo geni kwa wanazuoni wetu. Ibn Khaldun, aliyeishi Cairo zaidi ya miaka 20 mpaka alipofariki mwaka 1406, mwanzoni mwa Muqaddima yake anawakosoa wanahistoria, akiwemo al-Mas‘udi, waliopokea kwamba jeshi la Nabii Musa (a.s.) lilikuwa watu laki sita au zaidi. Anahesabu vizazi kutoka kwa Ya‘qub (a.s.) mpaka kwa Musa, anaonyesha kwamba idadi hiyo haiwezekani. Kabla yake, ‘Abd al-Latif al-Baghdadi alifika Misri, akaona mafuvu ya waliokufa kwa njaa ya miaka ya 1200, akagundua kuwa mfupa wa taya la chini ni mmoja, kinyume na alivyoandika Galen, tabibu mkubwa wa Wagiriki. Aliangalia kwa macho yake, akaandika alichokiona.

Mazingatio kwetu

1. Qur’ani imetuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia, kwa mfano 30:9. Kusoma historia ya kale ni sehemu ya kutazama huko. Anayepata nafasi asiiogope. Aende na Kiarabu cha kutosha na imani inayokubali kuulizwa.

2. Surat al-Hujurat aya ya 6 inatutaka tuhakiki habari kabla hatujamdhuru mtu. Na katika utangulizi wa Sahih Muslim imo hadithi inayotuonya dhidi ya kusimulia kila tunachokisikia. Habari inayotufurahisha ndiyo ya kuhakikiwa zaidi, kwa sababu hakuna miongoni mwetu atakayetaka kuipinga.

3. Kusema “sijui” katika da‘wa si kushindwa. Anayekusikiliza anapima maneno yako yote kwa lile moja analoweza kulihakiki.

Niliporudi nilimtafuta mwenzangu. Sasa anakaa bweni jingine. Nilimwambia, “Kile kisa cha chumvi ulikuwa na haki nacho. Sikupaswa kukuambia kama ushahidi, nisamehe. Aya ninaiamini, lakini dalili ile haikuwa dalili.” Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza: “Sasa aya yenyewe inasemaje?”

Tuliketi kwenye ngazi za bweni tukaisoma pamoja, kuanzia kisa kinapoanza. Alikuwa na maswali mengi. Mawili sikuyajua, nikamwambia siyajui, na nimekwenda kumuuliza mwalimu.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa na ndimi zenye ukweli. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.