Usiishie Kuandika "Fangasi Wameonekana"

Jibu la maabara lenye maneno hayo mawili tu halimsaidii daktari kuchagua dawa. Hadubini, selotepu na seramu kidogo vinatosha kusema zaidi, hata kwenye maabara ya wilaya.

Kwa utangotango, yale mabaka ya kifuani na mgongoni, bandika selotepu angavu juu ya baka, ibandue, ilaze kwenye slaidi yenye tone la methilini bluu, kisha tazama kwa lenzi ya 40. Ukikuta seli za mviringo zimerundikana pamoja na nyuzi fupi zilizopinda, hiyo ni Malassezia. Toa jibu siku hiyohiyo. Kuiotesha ni kupoteza muda: karibu aina zake zote hazioti bila mafuta, na hata ikiota haithibitishi ugonjwa, kwani huishi pia kwenye ngozi yenye afya.

Kandida ya kwenye kinena, kwapani au chini ya matiti inadai kazi zaidi. Kwangua ukingo wa kidonda, tia potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, subiri ngozi ilainike. Ukiona seli zinazochipua na nyuzi, otesha kwenye agari ya Sabouraud yenye kloramfeniko, la sivyo bakteria watakutangulia.

Makoloni meupe yakishatokea, fanya kipimo cha mrija unaochipua kwenye seli (germ tube), kinachotambua Candida albicans, na hapa usiharakishe wala usichelewe. Gusa koloni kidogo mno, kwani seli zikizidi mirija haitokei vizuri. Changanya na nusu mililita ya seramu ya binadamu iliyokwisha kupimwa VVU na homa ya ini, weka kwenye nyuzi joto 37 kwa saa 2 hadi 3. Mrija wa kweli hutoka kwenye seli bila kubanwa shinani. Shina likiwa limebanwa, hizo ni nyuzi bandia. Candida tropicalis huzitoa ikiachwa muda mrefu, na wengi huziita albicans kimakosa. Ndiyo maana kila mara pima sambamba albicans na tropicalis unazozijua.

Mrija ukiwapo, andika Candida albicans, ingawa dubliniensis, ambayo ni adimu zaidi, nayo huutoa. Usipokuwapo, andika wazi "si albicans", na kama mgonjwa hajapona kwa dawa, peleka koloni maabara ya rufaa: huenda ni Candida krusei, ambayo kwa asili yake haisikii flukonazo.