Kutafuta Sehemu Iliyokwisha Kupangika

Orodha ikivurugika wengi wetu hukimbilia kuipanga yote upya. Mtunga programu mwerevu hutazama kwanza: je, ipo sehemu iliyokwisha kupangika?

Wilaya yetu ya Rusizi ina mirenge 18. Tuchukue minane, imeandikwa ovyo: Bugarama, Gashonga, Kamembe, Nkombo, Gihundwe, Mururu, Nyakabuye, Bweyeye. Twataka ifuate alfabeti.

Weka kidole cha kushoto juu ya jina la kwanza, nacho cha kulia kiende mbele. Kila jina lilinganishe na lile lililo nyuma yake tu. Likiwa halistahili kulitangulia, endelea. Likistahili kulitangulia, mfuatano umekatika: andika urefu wake, kisha lete kidole cha kushoto papo hapo. Bugarama hadi Nkombo ni majina 4. Gihundwe hadi Nyakabuye 3. Bweyeye peke yake. Majina 8, kulinganisha mara 7, basi. (Mfuatano wa mwisho nao uhesabiwe, ingawa hakuna jina la kuukata. Wanaoanza husahau sana jambo hili.)

Sasa pana mtego. Je, manne ya kwanza tuyaache, tupange manne ya mwisho tu? Jaribu, nawe utaona Bweyeye inakuja baada ya Nkombo! Sehemu yaweza kupangika ndani yake, wala isiwe mahali pake. Yatupasa kutafuta, katika yale yaliyobaki, jina linalotangulia yote, nalo ni Bweyeye. Kila jina la mfuatano wa kwanza linalopaswa kuja baada yake litahama. Husalia Bugarama tu.

Hata hivyo kazi haikupotea, maana mifuatano miwili huunganishwa upesi kwa kutazama vichwa vyake. Bugarama na Gihundwe: chukua Bugarama. Gashonga na Gihundwe: chukua Gashonga. Kamembe na Gihundwe: sasa ni zamu ya Gihundwe. Endelea hivyo, kisha uingize Bweyeye. Tim Peters alifuata wazo hili mwaka 2002 alipoitungia lugha ya Python njia ya kupanga, iitwayo Timsort: hutafuta mifuatano iliyopo, ikikuta unaoshuka huugeuza, ndipo huiunganisha.

Zoezi: Nkanka, Nzahaha, Giheke, Gitambi, Muganza, Butare. Mfuatano mrefu ni upi? Na ni majina mangapi yaliyokwisha kuwa mahali pake?