Dondoo Muhimu: Ratiba Inapobadilika kwa Mtoto Mwenye Usonji

Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza habari za watoto 11 wenye usonji waliotaka mambo yabaki vilevile. Hadi leo, kushikilia utaratibu ni miongoni mwa dalili za usonji. Si ukaidi, wala si malezi mabaya.

• Mwambie kabla. "Kesho hakuna shule, tunakwenda kwa bibi." Ila wapo wanaokesha na wasiwasi wakiambiwa mapema mno, hivyo msome mwanao.

• Tumia picha. Bandika ukutani mswaki, chai, basi, shule. Jambo likibadilika, bandua picha ya zamani mbele yake, kisha bandika mpya.

• Taja yanayobaki. "Basi ni jingine, lakini utakaa dirishani na begi lako ni lilelile."

• Mzoeze kidogo kidogo. Kikombe cha rangi nyingine, njia nyingine ya kwenda dukani. Badili kitu kimoja tu, siku akiwa ametulia.

• Mpe nafasi ya kuchagua. Shati la bluu au la kijani? Akiamua mwenyewe, hofu hupungua.

• Akilemewa, punguza maneno. Zima redio, watazamaji waondoke, kaa karibu naye. Mafunzo yasubiri.

• Usimnyang'anye kila desturi. Kama kupanga vifuniko vya chupa kunamtuliza na hakumdhuru mtu, mwache apange.

Akianza ghafla kukataa chakula au kukosa usingizi, mpeleke hospitali: huenda anaumwa na hawezi kusema.