SOMO LETU: NDEGE ZA KUZIMA MOTO WA MISITU

Huenda umewahi kuona kilima kikiteketea wakati wa kiangazi, wanakijiji wakiupiga moto kwa matawi mabichi. Mlima Kenya na Milima ya Aberdare iliwaka Machi 2012. Basi wengi huuliza: mbona serikali isinunue ndege tu, zimwage maji, mambo yaishe? Haya, tuwatazame Wamarekani, ambao walianza kutumia ndege hizi miaka ya 1950, tuone kama jambo lenyewe ni rahisi hivyo.

Kwanza, kazi ya ndege. Wengi hudhani ndege huzima moto. La hasha! Ndege kubwa hudondosha dawa nyekundu, yaani maji yaliyochanganywa na chumvi za aina ya mbolea, mbele ya moto. Majani yaliyopata dawa hiyo hayashiki moto upesi, kwa hivyo moto hupunguza mwendo. Wanaoumaliza ni watu walio chini, wenye majembe, mashoka na misumeno. Wasipofika kwa wakati, dawa imepotea bure. Helikopta nayo huchota maji ziwani kwa ndoo kubwa inayoning'inia, ikaenda na kurudi.

Pili, hasara ya kutopanga. Kwa miaka mingi Wamarekani walitegemea ndege kuukuu za kijeshi, zilizokodishwa kutoka kwa kampuni za watu binafsi. Hazikuundwa kwa kazi ya kuruka chini chini milimani zikiwa na mzigo mzito. Tarehe 17 Juni 2002, ndege aina ya C-130A ilikatika mabawa hewani karibu na Walker, California. Watu watatu wakafa. Tarehe 18 Julai, nyingine ya enzi za Vita Vikuu vya Pili ilikatika bawa huko Colorado, wawili wakafa. Hao watano hawakushindwa na moto. Ni vyuma vilivyochoka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2004 serikali ilivunja mikataba ya ndege kubwa 33 kwa mpigo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba ni salama. Moto nao haukungoja.

Tatu, mpango wenyewe. Februari 2012 Idara ya Misitu ya Marekani ilitoa mpango wa kuwa na ndege kubwa kati ya 18 na 28, zenye injini za tabaini. Tukiuchunguza mwenendo wao wote, twapata mafunzo manne:

(a) Kuchagua ndege kulingana na nchi: penye maziwa, zichotazo maji, pasipo maji, zibebazo dawa.
(b) Kuamua mapema zipi zitanunuliwa na zipi zitakodishwa.
(c) Kuzikagua kila mara, hasa mabawa.
(d) Kuwa na kituo kimoja cha kuzigawa, kama kile cha Boise, Idaho, ili majimbo yasinyang'anyane.

Hata hivyo, mpango si kinga ya kila baya. Tarehe 1 Julai 2012, ndege ya jeshi iliyokuwa ikisaidia kuzima moto huko South Dakota ilisukumwa chini na upepo wa dhoruba, wanne wakafa. Rubani anahitaji habari za hali ya hewa kama anavyohitaji mafuta.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukisikia mtu akisema "tununue ndege tu," muulize: nani ataikagua, nani ataiongoza, na nani atakuwa chini na jembe? Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na ndivyo uzimwavyo pia.

ZOEZI
1. Kwa nini si sahihi kusema kwamba ndege huzima moto?
2. Eleza jinsi methali "usipoziba ufa utajenga ukuta" inavyohusiana na mambo ya 2002 na 2004.
3. Wewe ukiwa waziri, ungeanza na funzo lipi kati ya yale manne? Toa sababu.