MALI BILA DAFTARI: LEZA NA MAWE YA VILINDINI

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mwanafunzi mwenzangu, je, wajua kuwa mimi na wewe tuna mali chini ya bahari, kule ambako mwanga wa jua haufiki? Katika makala haya nataka tujifunze mambo matatu: mali hiyo ni nini, hupimwa vipi kwa leza, na kipimo hicho kinatuhusu nini sisi.

Mawe yenyewe

Kati ya mwaka 1872 na 1876, meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka dunia ikichunguza bahari. Vyombo vyake vya kukokota viliibua kutoka vilindini mawe meusi ya mviringo, mengine yakitoshana na kiazi. Mawe haya huitwa vinundu vya manganizi. Eneo moja lenye vinundu vingi sana ni lile la Clarion-Clipperton katika Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico. Huko vimelala juu ya matope, kwenye kina cha mita 4,000 hadi 6,000.

Ukikata kinundu katikati utaona matabaka kama ya kitunguu. Kitovuni mna kitu kidogo kilichoanzisha yote: kipande cha mwamba, kigae cha ganda, au hata jino la papa. Madini yaliyomo majini hugandamana na kitu hicho polepole. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki si mchezo! Kinundu huongezeka milimita chache tu kwa miaka milioni moja. Tuseme ni milimita 5. Basi kinundu chenye milimita 20 kutoka kitovuni hadi ukingoni kimekua kwa miaka milioni 4.

Katika eneo hilo la Pasifiki, kinundu huwa na manganizi karibu asilimia 28, nikeli kama 1.3, shaba kama 1.1 na kobalti kama 0.2. Nikeli na kobalti hutumika katika betri za magari mengi ya umeme. Ndiyo maana kuna makampuni yanayovimezea mate vinundu hivi.

Leza hufanya kazi vipi?

Zamani jiwe lilisagwa lote, likayeyushwa katika asidi, kisha likapimwa. Njia hiyo ni nzuri na hutumika mpaka leo, lakini hutoa wastani tu. Ni kama kusaga githeri halafu uulize punje ya mahindi ilikuwa upande gani wa sufuria. Leza husoma jiwe tabaka kwa tabaka. Hebu tufuate hatua zake:

1. Kinundu hukatwa, hulainishwa, kisha huwekwa ndani ya kisanduku kilichofungwa kabisa.
2. Mwali wa leza hupiga mahali padogo, tuseme penye upana wa milimita 0.05. Mahali hapo hugeuka vumbi laini mno. Sehemu nyingine ya jiwe hubaki salama.
3. Gesi ya heliamu hubeba vumbi hilo hadi kwenye plazima ya agoni, yenye joto la maelfu ya digrii. Humo atomi hupoteza elektroni na kuwa ayoni.
4. Spektromita ya masi huzitenga ayoni kulingana na masi na chaji zake, kisha huzihesabu.

Lakini mashine itajuaje hesabu yake ni sawa? Mwenye duka huwa na jiwe la mizani. Wanasayansi nao wana la kwao. Kwa mfano, Taasisi ya Jiolojia ya Marekani iliandaa unga wa vinundu, mmoja wa Atlantiki (NOD-A-1) na mwingine wa Pasifiki (NOD-P-1), ambao kemia yake imepimwa vizuri. Mtafiti hupima unga huo kwanza, kisha hulinganisha.

Jiwe linasema nini?

Turudi kwenye hesabu yetu. Ikiwa kinundu hukua milimita 5 kwa miaka milioni, alama moja ya leza ya milimita 0.05 ni miaka 10,000! Tabaka lililokua kutokana na maji ya bahari yenyewe huwa na kobalti nyingi. Lililokua kutokana na maji yaliyo ndani ya matope huwa na manganizi, nikeli na shaba zaidi. Kwa hiyo jiwe ni kitabu cha historia ya bahari, na leza ni kidole kinachofuata mistari.

Mali ya nani?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu cha 136, unasema kuwa sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya mataifa, pamoja na mali yake, ni urithi wa wanadamu wote. Kenya iliuridhia mwaka 1989. Msimamizi ni Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, iliyoanzishwa 1994, yenye makao yake Kingston, Jamaika. Hadi katikati ya mwaka 2025, kanuni za uchimbaji zilikuwa bado zinajadiliwa.

Mwaka 1989 wanasayansi wa Ujerumani walilima kipande cha sakafu ya bahari karibu na Peru ili waone kitakachotokea. Watafiti waliporudi 2015, mifereji ya jembe ilikuwa bado inaonekana. Na juu ya vinundu huishi sponji na viumbe wengine wanaohitaji kitu kigumu cha kushikilia. Leza haiwahesabu hao. Daftari letu basi lahitaji kurasa mbili, ya madini na ya uhai, na zote zijazwe kabla ya kuchimba. Kilichokua kwa miaka milioni 4 hakipandwi tena msimu ujao.

Wenzangu, wengi wetu huikimbia fizikia, eti ni ngumu. Lakini leza ni fizikia, na ayoni ni kemia. Tukiyaacha masomo haya, urithi utakuwa wetu lakini daftari litaandikwa na wengine, nasi tutaambiwa tu kilichobaki.

Maswali ya marudio

1. Taja tofauti moja kati ya kupima kwa asidi na kupima kwa leza.
2. Kinundu kinakua milimita 4 kwa miaka milioni. Alama ya leza ya milimita 0.02 ni sawa na miaka mingapi?
3. "Vinundu vichimbwe sasa." Jadili.